Kivumbasi cha Uani

Uwanja alikuwa ameufagia alfajiri, akaenda kuteka maji. Aliporudi, mstari mnene ulikuwa umekata alama za ufagio. Ulitoka kwenye kichaka chake cha kivumbasi, ukajipindapinda mchangani, ukaingia chini ya mlango wa mama mwenye nyumba. Wa kurudi haukuwepo.

Lusungu akaitua ndoo polepole. 

Aliwahi kumpigia mama huyo magoti kukiombea kivumbasi hicho kisikatwe. Tangu kichanue, nyuki walikuwa wakija, na maboga ya wapangaji yaliyokuwa yakipukutika machanga yakaanza kukua.

"Hilo pori lako," mama alimwambia siku ile, "siku likileta nyoka, utahama nalo."

Sasa Lusungu akachukua ufagio. Akafuta mstari kuanzia kwenye maua mpaka akafika kizingitini. Mchanga ukawa safi, kama hakujapita kitu. Nyuma yake nyuki walikuwa wanavuma.

Ndani, kitanda kikalia. Mama alikuwa anaamka.

"Lusungu, mwanangu, hujamaliza tu kufagia?"

Ufagio ukamdondoka.

"Mama," alisema, "usishushe miguu."