Shavu la Mpiga Zumari

Saa nne asubuhi, hewa ilivuja kwenye kona ya kushoto ya mdomo wa Shekue. Daktari Rukia alikuwa amemwambia avimbishe mashavu.

"Tena, mzee wangu."

Ikavuja tena.

Kwa miaka tisa uvimbe wa tezi ya mate chini ya sikio lake la kushoto ulikuwa mdogo, usio na maumivu. Shekue alikataa upasuaji, kwa kuwa mshipa wa fahamu unaochezesha shavu hupita ndani ya tezi hiyo, na mpiga zumari hana mtaji mwingine. Tangu mfungo, uvimbe ulikua haraka, ukawa mgumu.

"Majibu ya kipimo cha sindano yamekuja. Uvimbe umegeuka saratani," alisema daktari. "Sasa wenyewe ndio unaoula mshipa."

"Miaka yote nakikimbia kisu chako, mwanangu, kumbe mwizi nalala naye mto mmoja."

Daktari hakucheka. "Tukukate kesho."

"Ijumaa naoza binti. Nani atampigia zumari?"

"Hata Ijumaa shavu halitashika hewa, baba."

Shekue alitoa zumari mkobani. Alilibana shavu la kushoto kwa kiganja, mkono wa pili ukatafuta matundu, akapuliza.

Kwenye benchi la nje, wagonjwa waligeuza vichwa kuifuata sauti ya zumari.