Mkono wa Pili

Siku ya mtihani wa vitendo wodini, Eliwaza aliupata mshipa wa mgonjwa wake kwa mara moja tu. Mwanafunzi wa chuo kingine aitwaye Sikujua, aliyekuwa akisubiri zamu yake, alimwonea wivu. Chuoni kwa Eliwaza kila mwanafunzi alikuwa na sanamu ya kujifunzia kuchoma sindano. Chuoni kwa kina Sikujua walijifunzia kwenye mapapai.

Alipoitwa, alikosa mshipa mara mbili. Bibi aliyelala kitandani akamnyooshea mkono wa pili.

"Jaribu huku, mjukuu wangu."

Eliwaza akasogea, akamshika Sikujua kiganja chenye sindano. "Ilaze sindano kidogo," alinong'ona.

Wivu ukamfanya Sikujua atamani kumsukuma mwenzake. Akailaza sindano, damu ikachungulia kwenye mrija, na mikono ya wanafunzi hao wawili ikabaki pale pale, wala hakuna aliyetangulia kuuondoa wake.