Kuku wa Shomvi

Bi Saumu alikuwa akipepeta mchele simu ilipolia kwa namba ngeni.

"Shikamoo mama, ni mimi Shomvi. Simu yangu imeibiwa. Kuna namba ya siri imeingia kwenye simu yako, nisomee haraka."

Sauti ilikuwa ya mwanawe kabisa. Bi Saumu akafungua ujumbe, kisha akasita.

"Mwanangu, yule kuku wako kilema tulimchinja jana."

"Sawa mama. Nisomee namba."

Bi Saumu akakata simu, akacheka peke yake. Shomvi wa kweli, aliyemlea kuku huyo tangu kifaranga, angepiga kelele mtaa mzima usikie.

Jioni simu ikalia tena, safari hii kwa namba ya Shomvi. Bi Saumu akampakata yule kuku kilema, mzima kabisa, akapokea, akamsogezea simu mdomoni.