Uzi wa Kijani

Mwanahawa aliuona kwanza uzi wa kijani, ukichungulia kwenye tundu la kiyoyozi cha siti ya nyuma.

Fundi Shekue alikuwa amepima gesi mara mbili. "Mbele barafu, nyuma hata pumzi hakuna. Na feni naisikia inazunguka! Dada, gari lako lina kiburi."

Akafungua kifuniko, akavuta. Kikatoka kipande cha kanga ya kijani, kimekunjwa vizuri.

"Nani kaziba hapa?"

Chini ya tundu hilo ndipo alipokaa mama yake Mwanahawa kila Jumatatu wakienda hospitali, mpaka Jumatatu gari liliporudi bila yeye. Mwanahawa ndiye aliyeendesha, baridi ameiweka hadi mwisho.

Alikipokea kitambaa, akakikunja tena palepale palipokunjwa.

"Nilikuona kwenye kioo ukitetemeka, mama," alisema. "Mimi nilikuwa nasikia joto."