Habari za Adhuhuri

"Wasemaje leo, mwanangu?" mama aliuliza huku akipara samaki.

Shaikha alikuwa kaitegea sikio redio, nyumbani kwao Darsait, nchi ya Waarabu. Tangu waikimbie Unguja, Kiarabu cha redioni hakikumwingia mama, basi kila adhuhuri bintiye ndiye aliyemfasiria ile idhaa ya Kiarabu ya Wazungu wa Ulaya.

Msomaji alikuwa akisema kwa sauti tamu kwamba Dhofar kumetulia, waasi wamekimbia, na katika jeshi la Sultani hakufa hata askari mmoja.

Asubuhi ile askari mmoja alikuwa amemletea Shaikha kofia ya kaka yake aliyekuwa jeshini huko Dhofar, akamwambia wamemzika huko huko mlimani. Sasa kofia ilikuwa kifuani mwake, chini ya kanga, imekakamaa kwa damu, ikimkwaruza kila alipovuta pumzi.

Aliikaza kanga. "Wanasema Dhofar shwari, mama. Hakufa mtu."

"Alhamdulillahi."

Shaikha akazima redio. Mama hakumrudia samaki wake. Alimtazama bintiye.

"Kila siku ukinfasiria hawa, unawaita waongo," alisema. "Leo mbona huwatukani?"