Glasi ya Kwanza

Kiluwiluwi kilikuwa kikizunguka ndani ya glasi, mkia wake mweusi ukichezacheza.

Persis, mwenyekiti wa kamati ya kaunti ya kukagua miradi, aliiinua glasi juani akakitazama. Alikuwa amekuja huku mlimani, juu ya Kebirigo, kuthibitisha kwamba kisima kilichochimbwa kwa mashine kinatoa maji, ndipo mwanakandarasi alipwe. Maombi yalifanywa, mfereji ukafunguliwa, akina mama wakapiga vigelegele, na glasi ya kwanza akapewa yeye mgeni.

Maji ya chini ya mwamba hayana viluwiluwi. Ya kijito ndiyo yaliyo navyo, na alama za magurudumu ya trekta zilitoka kijitoni zikaishia kwenye tangi lililolisha mfereji.

"Kunywa, madam," mwanakandarasi alimhimiza. Alikuwa mzee wa kanisa, na ndiye aliyeongoza maombi. "Hiyo ni baraka."

Akina mama walisogea karibu. Mitungi yao ilikuwa kwenye foleni tangu asubuhi.

Persis akamnyooshea glasi kwa mikono miwili. "Wewe ndiye mwenye kazi, mzee. Anza wewe."

Mwanakandarasi alitazama ndani ya glasi, kisha akawatazama akina mama. Akafumba macho kama anayeanza sala, akanywa yote. Koo lake likapanda, likashuka.

"Matamu," alisema.

"Mungu ni mwema," Persis akasema.

"Kila wakati," akina mama wakaitikia kwa mazoea, naye Persis akaichukua ile glasi, akamkingia mzee ya pili chini ya mfereji.