Plagi kwa Ncha za Vidole

Mama mkwe alisimama mlangoni, mikono kiunoni, akivizia kosa. Hakuwahi kumwachia mtu pikipiki yake, hata mwanawe wa kumzaa, sembuse mke wa mwanawe.

Mkamwana alilinganisha plagi mpya za injini na ile kuukuu aliyoifungua, akachagua yenye nyuzi za skrubu za urefu uleule. Akaizungusha kwenye tundu la injini kwa ncha za vidole, macho kayafumba. Ikakwama.

“Itie spana, mwanangu,” mama mkwe akamtega.

“Hapana, mama. Nikilazimisha, nyuzi za injini zitalika.”

Akaitoa, akaanza upya, taratibu. Safari hii ikaingia laini hadi mwisho. Ndipo akashika spana.

Mama mkwe akaguna. Akamrushia ufunguo, kisha yeye, asiyepakiwa na mtu, akapanda siti ya nyuma.

“Haya, twende. Ila usikimbize.”